Begi la Maua na Sufuria ya Njahi

Ijumaa baada ya sala nilikabidhi begi. Sherehe haikuwa kubwa. Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mama alisimama mlangoni mikono kiunoni kuhakikisha nalikabidhi kweli, na binamu yangu Nasra akalipokea kwa vidole viwili kama mtu anayepokea paka aliyerowa.

"Lina harufu," akasema.

Lina harufu, Nasra. Hiyo ni harufu ya kazi.

Nimestaafu nina miaka kumi na saba. Najua wako wanaostaafu wakiwa wazee zaidi, lakini hao hawakusomewa matokeo yao ya kemia mbele ya wageni. Mama aliyasoma kwa sauti, akaikunja karatasi, akasema, "Khalas. Kuanzia leo huyu hatumwi dukani mpaka amalize mitihani." Bibi alijaribu kunitetea, kwamba kuujua muhogo mzuri na mbaya nayo ni elimu. Mama akamjibu, "Basi aende nao chuo kikuu, huo muhogo." Mjadala ukaishia hapo.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya Nasra, na kwa mtoto yeyote wa jengo letu la Bur Dubai atakayekuja kulivuta begi baada yake. Vyeo na mshahara sitavizungumza. Cheo kilikuwa kimoja tu, "we mtoto", ingawa jina langu ni Mundhir, na kuhusu mshahara, mama anasoma kila ninachoandika.

Kazi niliianza nikiwa darasa la nne, magoti ya Bibi yalipogoma. Kabla ya hapo alikuwa akitafuta vitu vyake mwenyewe. Bibi alikuja Dubai kutoka Unguja akiwa bi harusi, na anasema kwamba huko kote kwenye majumba ya vioo siku hizo kulikuwa na mchanga na mbuzi mmoja. Miaka yote hiyo hajakubali kwamba amehama. Kwake kuhama ni kuhamisha jiko, na jiko lake liko palepale: asubuhi vitumbua, mchana wali na mchuzi wa samaki, Ramadhani futari ya muhogo wa nazi, na mtu asimletee habari za kuku wa boksi. Shida ni kwamba muhogo hauoti Dubai. Hapa panaota magorofa.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Bibi aliniambia, "Nenda kaniletee muhogo," kama vile amesema niletee maji. Nikaenda kwenye duka kubwa lenye taa kali na baridi ya mochwari, nikazunguka, nikaona kitu kirefu, cheupe, kinene. Nikarudi nacho nimekibeba begani kama askari.

"Hii n'ni?" Bibi akauliza.

"Muhogo, Bibi."

Akaugeuza, akaunusa. "Muhogo huu umefanya nini hata ukaota majani kichwani?"

Ilikuwa figili. Nijitetee kwamba mpaka siku ile muhogo nilikuwa nimeuona ndani ya sahani tu, umeshavuliwa nguo, umekaa ndani ya tui. Sikujua una ganda, wala kwamba ganda lenyewe ni la kahawia. Bibi hakutupa kitu. Akaikata ile figili, akaitia nazi, ikapakuliwa kwenye futari. Baba alitafuna tonge moja, akanitazama, akaomba tende.

Kesho yake Bibi alivaa buibui, akashika fimbo yake, akanipeleka mwenyewe kwa Chetta. Alikuwa mtu wa Kerala mwenye bakala, yaani kiduka cha vyakula, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Chetta kwao ni kama kusema kaka, na kila mtu pale alimwita hivyo, hata mimi ambaye nilikuwa sijafika urefu wa kaunta yake. Bibi aliniambia njiani, "Watu wa kwao Chetta wanakula muhogo kama sie, wanakuna nazi kama sie, samaki wanamtia ukwaju kama sie. Kasoro yao wanaongea haraka." Yeye na Chetta hawakuwa na lugha moja. Walikuwa na vipande vya Kiarabu, vipande vya Kihindi, na mikono, na kwa vifaa hivyo walikuwa wakigombana vizuri sana tangu kabla baba yangu hajazaliwa.

Muhogo wa Chetta ulikuwa kwenye kreti mlangoni, umejaa udongo. Bibi akaokota mmoja, akauvunja ncha. *Tap*.

"Madam!" Chetta akapiga kelele. "Usivunje! Hii biashara!"

"Nisipovunja n'tajuaje?"

"Uniamini mimi!"

"Nakuamini wewe. Muhogo siujui." Akaninyooshea ile ncha. "Tazama ndani. Mweupe kama maziwa, chukua. Ukiona mistari ya buluu kama mishipa ya mzee, rudisha. Na usinunue usiovunjika kwa sauti."

Halafu nazi. Akaishika, akaiweka karibu na sikio langu, akaitikisa. "Umesikia?" Nilisikia maji yakihema ndani. "Hiyo nzima. Isiyosema kitu imekufa. Na yatazame macho yake matatu, yakiwa na ukungu mwachie Chetta aile mwenyewe." Chetta, ambaye hakuelewa neno lakini alijua anasemwa, akatikisa kichwa na kunipa ndizi ya bure. Hao ndio walimu wangu wawili. Cheti hawakunipa, ila mpaka leo sijanunua tena figili.

Sasa sikiliza, Nasra, hapa ndipo ulipo ujuzi wote. Watu wanadhani chakula cha kwetu hakipatikani Dubai. Kipo, tena chote. Ila kimesambaa kwenye maduka ya watu wengine, na kila duka linakiita kwa jina lake. Muhogo, nazi na dagaa viko kwa Wamalayali, watu wa kwao Chetta. Matembele yako kwa Wafilipino, yamefungwa vizuri kwenye friji kama maua ya harusi. Mchicha uko kwa Wabangali, asubuhi tu, kabla jua halijaukasirikia. Unga wa mahindi mweupe ulikuwa ng'ambo ya maji, Deira, kwa Mnaijeria mmoja aliyekuwa akiuza pia nywele za bandia, na ukiufungua ukikuta unywele usishangae. Kazi yetu ni kuzunguka kwa mataifa yote hayo na kurudi na sahani moja ya Kizanzibari.

Kwa hiyo usiulize jina. Nilipoteza mwaka mzima nikiuliza majina. Muulize mwenye duka jani hili linapikwaje kwao, linaliwa na nini, mama yake alikuwa akilikata vipi. Hapo uso wake utabadilika. Ataacha simu, atakuja mbele ya kaunta, ataanza kukuonyesha kwa mikono, na wewe ukitazama ile mikono utajua kama mnazungumza kitu kimoja.

Vifaa vyangu vilikuwa simu ya kupigia picha, ukucha wa kidole gumba wa kuvunjia ncha za bamia, na begi. Begi ni la Bibi, la magurudumu, lina maua mekundu na ya zambarau makubwa kama sahani. Liko hivyo tangu zamani, usijaribu kulifua, rangi haitoki. Nimelivuta kwenye metro huku wenzangu wa darasani wamekaa mbele yangu. Mmoja akaniuliza kama nasafiri. Nikamwambia namhamisha bibi yangu kwa awamu, leo nimechukua miguu.

Baada ya muda sifa zikaenea ghorofani. Kwanza majirani Wazanzibari, halafu Wakenya wa chini yetu, Kamau na mkewe, auntie Wangari. Kamau ni mlinzi kwenye jengo la ofisi na auntie Wangari alikuwa anafanya kazi hotelini Al Barsha. Walikuwa na chumba kimoja kwenye flati ya watu wengi. Kamau alikuwa mteja mgumu. Alitaka sukuma wiki ya kwao, si nyingine. Nilimletea majani ya kila aina ya taifa. Siku niliyomletea majani mapana kutoka kwa Wasiria, alipika, akatafuna polepole kama jaji, akasema, "Hii si sukuma. Lakini inakaa kama cousin yake." Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa wiki nzima.

Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote.

Mwaka juzi auntie Wangari alijifungua mtoto wa kike, Nyambura. Mama yake alikuwa aje kutoka Nyeri kumlea mzazi. Alishafunga mpaka mizigo. Karatasi za safari zikakwama, tarehe ya ndege ikapita, na yule mama akabaki Nyeri na masanduku yake yamefungwa. Auntie Wangari akabaki chumbani peke yake mchana kutwa, maana Kamau alikuwa hana namna ya kuacha zamu.

Bibi hakungoja kuitwa. Kila asubuhi alikuwa akinibebesha chupa ya uji wa pilipili manga, tunashuka kwa lifti. Kwetu mwanamke akizaa anapewa uji huo, wa moto unaopenya mpaka masikioni, na supu ya kuku, na anakandwa. Auntie Wangari alikuwa akikipokea kikombe kwa mikono miwili, anakunywa vijiko viwili, anasema, "Asante Bibi, nimeshiba." Siku ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu. Alikuwa kimya, yeye ambaye kicheko chake tulikisikia kupitia sakafuni. Siku moja akarudi kutoka kliniki macho mekundu: nesi amemwambia mtoto haongezeki uzito inavyotakiwa, maziwa hayatoshi, na mama lazima ale.

Bibi akakaa kwenye ncha ya kitanda. "Mwanangu, hunambii uji wangu mbaya?"

"Aki Bibi, si mbaya. Si ati nadharau." Auntie Wangari alikuwa akimtazama mtoto, hakututazama sisi. "Ni vile kwetu ukizaa unapikiwa njahi. Mum alikuwa azilete. Ziko kwa hiyo suitcase yake mpaka saa hii. Mimi nikiweka kitu kwa mdomo naona tu... haiingii. Ni kama bado sijazaa. Ni kama hakuna mtu amejua nimezaa."

Bibi akanigeukia.

"Zikoje?" nikauliza.

"Ni kama maharagwe, lakini nyeusi. Na iko na laini nyeupe kwa mgongo." Akafikiri. "Kama penguin."

Sijawahi kupewa maelezo mazuri hivyo na mteja. Nikatoka na begi langu kwenda kumtafuta penguin.

Nilianza na duka kubwa, nikapata maharage meusi yanayong'aa, nikampelekea mbio. Akayamwaga kitandani, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. "Aki, hizi ni za Mexico." Nikaenda kwa Chetta. Chetta akanitolea kila mbegu aliyokuwa nayo, akazipanga kwenye kaunta kama polisi anayepanga washukiwa wa wizi. Dengu nyeusi, hapana. Choroko nyeusi, hapana. Mwisho akaenda nyuma, akarudi na kifuko, na moyo wangu ukaruka: umbo lile, mgongo una mstari mweupe umesimama. Ila mbegu yenyewe ilikuwa rangi ya krimu. "Mke wangu anapika hii," Chetta akasema, na mikono yake ikaanza kuonyesha, inachemshwa, inamenywa, inapondwa. Mikono ilikuwa sahihi kabisa. Nikapiga picha, nikatuma. Jibu la auntie Wangari likaja: *Hiyo ni njahi, lakini ni kama imeugua.*

Nilirudi nimekata tamaa. Kamau ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ameuliza kwenye kundi la Wakenya wenzake wa kanisani, na mmoja, anaitwa Njoroge, mlinzi wa mapokezi kwenye jengo moja la mtaa wa Jumeirah Village Circle, alikuwa ametoka likizo na alikuwa nazo. Kamau yuko kazini, Njoroge yuko kazini, mimi nilikuwa nimetoka shule. Nikapanda metro, nikapanda basi, kisha nikatembea kwenye jua la kule ambako barabara zimezungushwa makusudi ili mgeni asitoke. Nilipita mlango uleule wa duka la kahawa mara kadhaa, mpaka mhudumu akaanza kunipungia mkono.

Njoroge alikuwa mrefu, amevaa suti na tai, amesimama nyuma ya meza ya marumaru. Aliliona begi la maua, akajua ni mimi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama chini ya meza, akaibuka na mfuko umefungwa kwa kamba ya katani. Wakati ule ule madam mmoja akapita na mbwa wake, akatuangalia. Njoroge akasimama wima. "Good afternoon, madam." Mbwa akalinusa begi, akapiga chafya, wakaondoka.

"Fungua uone," Njoroge akaninong'oneza.

Nikafungua. Nyeusi zote, mistari myeupe mgongoni. Kundi zima la penguin.

"Mum alinipea nikitoka," akasema. "Alisema nikioa huku na bibi yangu apate mtoto, tusihangaike. Zimekaa kwa kabati tu."

"Sasa ukioa?"

Akacheka, akarekebisha tai. "Boy, mimi sijapata hata wa kunipikia chai. Peleka. Mwambie Wangari akule."

Nilirudi nimelikumbatia begi. Sikulivuta, nilihofu magurudumu yangezikasirisha.

Auntie Wangari alizishika, akaziacha zipite kati ya vidole, akazinusa. Lakini hakuwa na nguvu ya kusimama jikoni, na jiko la flati yao lilikuwa na foleni. Bibi akasema, "Nipe mie. Maharage ni maharage." Akaziloweka, akazichemsha asubuhi yote ya Jumamosi, maji yakawa meusi kama wino, mie nikatumwa kufanya kazi ya shule chumbani. Nilikuwa kwenye kemia, kama mnataka kujua, na hapo ndipo harufu ilipopita chini ya mlango. Harufu nzuri mno. Harufu ninayoijua tangu kuzaliwa.

Nikatoka mbio. "Bibi! Umetia tui?"

Bibi alikuwa anakoroga, ametulia, vifuu viwili vitupu vya nazi viko kando ya sinki. "Nisitie tui kwa n'ni? Mzazi atakula maharage makavu, yuko jela?"

"Zote?"

"Sasa n'zipike nusu?"

Njahi zote, Nasra. Za Njoroge, za mke ambaye hajapatikana. Dubai nzima haikuwa na nyingine, na zilikuwa zimelala ndani ya tui zito zimetiwa na kitunguu. Hakuna aliyemkataza Bibi kutia nazi, kwa sababu hakuna aliyewaza. Kwake yeye kuna maharage ya nazi na kuna maharage ambayo bado hayajamalizika kupikwa.

Hatukuwa na la kufanya ila kushuka nayo. Ndani ya lifti nilishika sufuria na sikumtazama Bibi, na yeye akaanza kuelewa kutokana na uso wangu, akashika fimbo yake kwa nguvu, akasema peke yake, "Mie nilitaka ziwe nzuri."

Auntie Wangari alikuwa kwenye simu ya video na mama yake. Kamau alikuwa amerudi, ana mtoto mkononi. Nikafunua sufuria. Auntie Wangari akachungulia. Halafu sauti ikatoka kwenye simu, kutoka Nyeri.

"Wangari. Hiyo ni nini nyeupe nyeupe?"

Bibi akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaishika mbali na uso kama wanavyoshika wazee wote, hivyo yule mama kule akaona paji la uso na dari.

"Asalamu alaykum. Mie ndo nilopika. Hiyo nazi."

"Nazi?" Mama yake Wangari akaisogelea simu mpaka tukaona jicho moja tu. "Mama, njahi haiwekwangi nazi."

"Kwenu haitiwi kwa sababu hamna minazi. Si kwa sababu haitaki."

"Hiyo itafunga maziwa ya mtoto!"

"Ifunge maziwa? Mie wangu wote nimewanyonyesha kwa tui. Huyu baba yake Mundhir alinyonya hata nikawa namkimbia."

"Njahi inapondwa na ndizi! Ile imeiva!"

"Ndizi mbivu? Ndani ya maharage?" Bibi akanitazama mimi, kama vile nimesema mimi. "Halafu tui ndo lina makosa!"

Wakaendelea hivyo, mmoja Kiunguja chake, mwingine Kiswahili cha milimani, wanaelewana nusu na nusu nyingine wanaigombania. Kamau alikuwa anabembeleza mtoto, anamtazama Bibi, anatazama simu, hajui aokoe nani. Mimi nilikuwa nikitafuta namna ya kupita chini ya kitanda. Ndipo nikasikia kijiko. Kijiko kinagonga bakuli, kinarudi, kinagonga tena. Auntie Wangari alikuwa amejipakulia mwenyewe. Alikuwa anakula, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na hayakumpunguzia mwendo hata kidogo.

"Si mnyamaze kidogo," akasema, mdomo umejaa. "Ama mniongeze."

Halafu sauti kutoka kwenye simu, ndogo sasa: "Anakula?"

Bibi aliigeuza simu, akaielekeza kwenye bakuli, kisha kwa auntie Wangari, akaishikilia hapo. Yule mama alijifuta uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Mama," akasema. "Asante. Kesho mwekee na ndizi."

"N'tamwekea," Bibi akasema. "Kidogo."

Tuliigawa ile sufuria kwa siku kadhaa, na auntie Wangari akaimaliza. Baada ya hapo akawa anakula na uji, na supu, na chochote kilichoshuka na lifti. Kliniki waliridhika na Nyambura, naye akanenepa mpaka vifundo vya mikono vikapotea. Na wale wazee wawili wakawa wanapigiana simu kila siku. Walianza kuongea habari za mtoto, siku hizi kila mmoja anaongea habari za watu ambao mwenzake hajawahi kuwaona.

Baada ya kesi hiyo kazi haikuwa ile tena, au labda mimi ndiye. Chetta alirudi kwao msimu wa baridi uliopita, kwa wajukuu zake. Siku ya mwisho alinipa nazi, akaitikisa kwanza sikioni kwangu. Duka analo mpwa wake, kijana mzuri, ana mashine ya kusoma mistari ya bei, na muhogo wake umekuja umeshamenywa, umegandishwa, ndani ya plastiki. Huwezi kuvunja ncha. Siku hizi unabonyeza simu na kijana wa pikipiki anakuletea mpaka mlangoni. Bibi huufungua ule mfuko, akautazama, akasema, "Huu haujaniambia kitu." Nasra, utakuta kazi imekuwa nyepesi na sijui kama nikupongeze.

Nilidhani naishia hapo. Lakini Jumamosi, siku yangu ya kwanza ya kustaafu, nilikuwa mezani na kemia yangu, mama ananitazama, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama yake Wangari, kutoka Nyeri. Auntie Wangari na Kamau wako likizo huko, wamempeleka Nyambura kwa mara ya kwanza. Anatembea sasa, anasema, anakataa.

"Mundhir, huyu mtoto amenishinda. Nimempikia njahi safi, amesukuma sahani, anasema ati haina nazi. Nimeenda soko nimetafuta, nimezungushwa huko karibu mguu uvunjike. Sasa nimepata hii kitu." Picha ikafuata. Nazi kavu, ina nywele, imekaa juu ya kitambaa cha meza. "Hii ndiyo yenyewe ama wameniuzia jiwe?"

Nikamwambia nimestaafu, aongee na ofisa mpya. Nikampa Nasra simu. Nasra akaitazama nazi, nazi ikamtazama. Mama akageuza uso dirishani, na hiyo kwa mama ni ruhusa ya maandishi. Nikarekodi, nikimwita bibi kwa lugha ya kwao: "Cucu, iweke sikioni, uitikise."

Tukangoja. Ujumbe ukarudi, na haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa na kuku kwa mbali, na mtoto anadai kitu, na katikati yake, karibu sana, maji yakihema.

Bibi akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaiweka sikioni, akafumba macho. Akaisikiliza tena.

"Nzima hiyo," akasema. "Mwambie avunje."